Zamu "Iliyolindwa" Imelindwa kwa Ajili ya Nani?

Istilahi za michezo hazijapata bahati ya kujadiliwa sana katika majarida ya lugha. Aghalabu wataalamu wetu wameshughulika na fizikia, sheria, kilimo na uendeshaji wa ofisi, na michezo ikaachwa ijitafutie maneno yake yenyewe. Mpira wa miguu ulifanikiwa katika kujitafutia huko, kwa sababu wananchi wengi waliucheza kabla ya kuusoma gazetini: kona, mlinda mlango, kuotea na kupiga chenga ni maneno yaliyozaliwa uwanjani, wala hapakuwa na kamati iliyoyasubiri. Mpira wa kikapu haukupata mwanzo kama huo. Hasa ile sehemu yake inayohusu ligi kubwa ya Marekani, NBA, pamoja na biashara yake ya wachezaji, imetufikia kwa njia ya habari zilizotafsiriwa haraka haraka, na tafsiri hizo zimeanza kukaa vinywani mwa vijana kabla hazijapimwa. Katika makala haya nakusudia kupima usemi mmoja tu miongoni mwa tafsiri hizo, nao ni "chaguo lililolindwa". Nadhani usemi huu ni mbaya, tena ubaya wake hauko katika ladha. Unamwongoza msikilizaji kuelewa kinyume cha jambo lenyewe, na mtu aliyeelewa kinyume hawezi kufahamu kwa nini timu fulani inatumia miaka mitano ikijipanga upya bila kufika popote.

Jambo hili si geni kwetu kama linavyoonekana. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Connecticut, alichaguliwa na timu ya Memphis akiwa wa 2 katika nchi nzima ya Marekani, mbele ya James Harden aliyekuwa wa 3 na Stephen Curry aliyekuwa wa 7. Februari 2011 Memphis ilimpeleka Houston, yeye na DeMarre Carroll, ili impate Shane Battier. Na juu ya wachezaji hao wawili ikaongeza kitu cha tatu ambacho hakikuwa mtu. Wasomaji wa Kiswahili waliofuatilia habari za kijana wao walielezwa vizuri habari za watu. Kile kitu cha tatu ndicho kilichotushinda kukitaja, na hadi leo hatujakipatia jina linaloridhisha.

Tuanze na mwanzo wake. Kila mwaka timu 30 za ligi hiyo hugawiana vijana wanaotoka vyuoni na ng'ambo kwa raundi mbili, na kanuni ya msingi ni kwamba walioshindwa sana hutangulia kuchagua ili wapate nguvu. Tangu mwaka 1985 bahati nasibu imeingizwa katika kupanga nani atangulie, kusudi timu isiwe na hakika ya kuwa ya kwanza kwa kushika mkia. Kwa Kiingereza utaratibu huu una jina ambalo baadhi ya watu wamelitohoa na kusema "drafti". Utohozi huo haufai. Drafti tunayo tayari, nayo ni mchezo wa wazee barazani, wenye kete na kingi. Na benki nazo zina drafti yao. Neno la tatu la umbo hilo hilo lingekuwa mzigo bure. Mimi natumia "mgawo". Najua kuwa watu wa umri fulani hawawezi kulisikia neno mgawo bila kukumbuka foleni za sukari na sabuni za miaka ya mwanzo ya 1980, na vijana hulisikia wakafikiria umeme uliokatika. Lakini kumbukumbu hizo hazilidhuru neno. Mgawo ni utaratibu wa kugawa kitu kisichotosha kwa kanuni iliyowekwa na mamlaka, na hapa ndivyo mambo yalivyo hasa.

Baada ya mgawo linakuja "chaguo". Hapa ndipo kosa la kwanza lilipo. Kinachobadilishwa baina ya timu mbili si chaguo. Chaguo ni tendo la kuchagua, au ni yule aliyekwisha kuchaguliwa. Na siku timu mbili zinapoandikiana mkataba kijana huyo bado yuko shule ya msingi, maana kanuni inaruhusu kuuza ya mwaka wa saba toka sasa. Kinachouzwa ni mahali pa kusimama katika mstari. Kiswahili kina neno la mahali hapo, nalo ni zamu. Mwanamke aliyepanga ndoo bombani ana zamu, hata kama yeye mwenyewe yuko nyumbani akipepeta mchele. Anaweza kumpa jirani zamu hiyo, au kubadilishana naye.

Mfano ulio karibu zaidi ni upatu. Watu kumi na wawili wanachanga kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao anapokea mchango wote kwa zamu iliyopangwa kwa kura. Katika upatu zamu hubadilishwa bila aibu yoyote: "Dada, nipe zamu yako ya Machi nilipe ada, nami nitakupa yangu ya Agosti." Hata masharti huwekwa. Mwenye zamu ya Machi anaweza kusema: "Nakupa, lakini mama akilazwa hospitali kabla ya hapo, Machi yangu naibakiza, wewe utachukua Aprili." Msomaji aikumbuke sentensi hii, kwa maana ndani yake limo neno tunalolitafuta.

Iko tofauti moja, tena kubwa. Katika upatu kiasi cha fedha ni kile kile, iwe Machi au Agosti. Katika mgawo wa mpira wa kikapu, thamani ya zamu niliyokuuzia inategemea jinsi mimi, muuzaji, nitakavyofanya vibaya. Nikishinda michezo mingi, zamu yangu inaangukia mwisho wa foleni na wewe unapata kijana wa kujaza benchi. Nikishindwa vibaya, umepata lulu. Kwa hiyo muuzaji ana hofu, naye huweka kifungu katika mkataba kisemacho kwamba kama zamu ile itaangukia ndani ya nafasi fulani za juu, tuseme sita za kwanza, haitoki. Inabaki kwake, na deni linasogezwa mwaka unaofuata. Zamu yenye kifungu hicho ndiyo inayoitwa na Waingereza kwa neno lenye maana ya "iliyolindwa", na sisi tukaifuata herufi kwa herufi.

Sasa mtu anayesikia kwamba timu ya New York "imepata chaguo lililolindwa" ataelewa nini? Nakiri kwamba mimi mwenyewe, mara ya kwanza kuusikia usemi huu, nilidhani kuwa New York imepewa kitu chenye dhamana, mfano wa hundi iliyogongwa muhuri na benki. Nimewauliza vijana kadhaa wanaoufuatia mchezo huu kwa karibu, na wengine wao walijibu hivyo hivyo. Ukweli ni kinyume kabisa. New York haikulindwa. New York ndiyo inayozuiwa. Aliyelindwa ni mdeni. Kitenzi cha kutendwa kimemficha mtendaji na mtendewa pamoja, nasi tumebaki na kivumishi kizuri kinachosifia bidhaa yenye kasoro.

Jambo hili si la kuchekesha tu, kwa sababu mambo yote yanayotokea baadaye hutokana na kujua ni mkono wa nani unaozuia. Tuitazame Golden State. Timu hiyo ilikuwa na deni la zamu ya raundi ya kwanza lililotokana na mabadilishano ya mwaka 2008 na New Jersey. Deni likahamia Utah mwezi Februari 2011, Utah ilipomwachia Deron Williams. Kwa mgawo wa mwaka 2012 kifungu kilisema kwamba nafasi saba za juu zinabaki kwa mdeni. Machi mwaka huo Golden State ikamtoa Monta Ellis, mfungaji wake mkubwa, ikampokea Andrew Bogut ambaye alikuwa majeruhi na asingeweza kucheza msimu ule. Katika msimu uliofupishwa kuwa michezo 66 ilishinda 23 na kushindwa 43, ikalingana na Toronto, na kura ya kurusha sarafu ikaipa nafasi iliyo mbaya zaidi, yaani iliyo nzuri zaidi. Zamu ikaangukia ya 7 hasa, ukingoni kabisa mwa kifungu. Ikamchagua Harrison Barnes, aliyekuwa mmoja wa wachezaji watano wa kuanza katika kikosi kilichotwaa ubingwa mwaka 2015. Utah ilisubiri. Mwaka 2013 deni likalipwa, lakini wakati huo Golden State ilikwisha kuwa timu nzuri, na zamu iliyolipwa ilikuwa ya 21.

Kutoka ya 7 hadi ya 21. Hapo msomaji ataona namna kifungu hiki kinavyofanya kazi kwa pande zote mbili. Mdeni akiwa mbaya, halipi. Akiwa mzuri, analipa kidogo. Hakuna hali inayompa mdai kijana wa daraja la juu, ila kwa ajali ya hesabu. Mkuu wa timu anayejipanga upya kwa kukusanya zamu za namna hii anaweza kuwa na orodha ndefu mezani, wapenzi wa timu wakaihesabu na kufurahi, na orodha hiyo isizae mchezaji hata mmoja wa kuibeba timu. Msikilizaji wa Kiswahili aliyeambiwa kuwa zamu hizo "zimelindwa" anakuwa wa mwisho kulielewa jambo hilo.

Dallas ilionyesha upande mwingine wa kifungu, tena hadharani. Ilikuwa na deni kwa New York tangu Januari 2019, ilipomchukua Kristaps Porziņģis. Kwa mwaka 2023 nafasi kumi za juu zilibaki kwake. Tarehe 7 Aprili 2023, ikiwa bado na nafasi finyu ya kuendelea na mashindano, Dallas ilicheza na Chicago bila Kyrie Irving, na Luka Dončić akatolewa mapema. Ikashindwa. Ligi ikafanya uchunguzi na kuitoza faini ya dola 750,000. Lakini zamu ilibaki nyumbani, nayo ilikuwa ya 10. Dallas ikaibadilisha na Oklahoma City, ikarudi hadi ya 12 na kumchukua Dereck Lively, ambaye mwaka uliofuata alicheza katika fainali za ligi. New York nayo ililipwa mwaka huo wa 2024: zamu ya 24. Mtu aweza kuuliza kama faini ile ilikuwa adhabu au bei ya bidhaa.

Turudi kwenye lugha. Nimesikia pendekezo la "zamu yenye kinga", na si pendekezo la kudharauliwa. Kinga ni neno letu la zamani, lenye kazi katika tiba na katika sheria, na angalau si kitenzi cha kutendwa. Walakini linabeba ule ule utata wa awali: tunaposema mbunge ana kinga twajua ni yeye asiyeshtakiwa, ila tunaposema zamu ina kinga hatujui zamu inakingwa isidhuriwe na nini. Tena kukinga kuna maana mbili zinazokwenda pande tofauti. Twakinga jua lisituchome, na twakinga maji ya mvua yaingie ndooni. Wengine wanasema "zamu yenye masharti". Hili ni sahihi lakini ni pana mno. Masharti ya zamu ni ya kila aina, na istilahi isiyotofautisha aina moja na nyingine haijafanya kazi iliyoajiriwa kuifanya.

Pendekezo langu ni kuchukua kitenzi "kubakiza", kile kile alichokitumia yule mama wa upatu, na kutoka humo tupate nomino "bakizo", wingi "mabakizo". Uundaji wake hauna ugeni wowote: agiza huzaa agizo, kataza huzaa katazo, tuliza huzaa tulizo. Basi tutasema: Dallas iliiuzia New York zamu yake ya mwaka 2023 kwa kubakiza kumi za juu. Au kwa ufupi: zamu yenye bakizo la kumi. Na ile isiyo na kifungu chochote itakuwa zamu isiyo na bakizo. Faida ya kitenzi hiki ni kwamba hakikubali kusimama bila mwenyewe. Ukisema "imelindwa" sentensi imetimia na hakuna anayeuliza. Ukisema "imebakizwa", masikio ya Mswahili yataka kujua papo hapo nani kabakiza na kabakiza ngapi.

Nimekwisha kupata pingamizi moja kutoka kwa rafiki yangu mwalimu. Yeye asema kwamba baki ni kile kinachosalia baada ya kugawanya, makombo ya hesabu. Inakuwaje kitu kilicho bora kuliko vyote kiitwe bakizo? Ni hoja nzuri, lakini inachanganya kubaki na kubakiza. Kubaki hutokea kwenyewe. Kubakiza ni tendo la kukusudia, nalo hufanywa kabla ya kugawa. Mama anayembakizia mwanawe aliyechelewa shuleni hampi ukoko. Anamtengea pande la nyama kabla sinia halijatoka jikoni. Hivyo ndivyo afanyavyo mdeni wetu.

Tukiwa na neno hilo mkononi tunaweza kueleza bila kupotea mkataba ambao nadhani ni wa kufundishia. Julai 2012 timu ya Lakers ilimchukua Steve Nash kutoka Phoenix, mwenye umri wa miaka 38, kwa zamu nne, mbili za raundi ya kwanza na mbili za raundi ya pili. Ile zamu kubwa ya mwisho ilikuwa ya mwaka 2015, nayo ilikuwa na bakizo lenye ngazi: Lakers ingebakiza tano za juu mwaka 2015, ikishindikana kulipa, ingebakiza tatu za juu mwaka 2016, vivyo hivyo mwaka 2017, na mwaka 2018 ingelipa bila bakizo. Nash aliumia, akacheza michezo 65 tu katika jezi ya Lakers. Timu ikaporomoka: ushindi 21, kisha 17, kisha 26. Na katika migawo hiyo mitatu zamu ya Lakers ikaangukia ya 2, ya 2 na ya 2. Mara tatu ikabakizwa. Wakapatikana D'Angelo Russell, Brandon Ingram na Lonzo Ball. Deni likalipwa mwaka 2018 kwa zamu ya 10, baada ya Lakers kupanda. Phoenix haikuwa na uvumilivu wa kungoja. Februari 2015 ilikwisha kuiuza hati hiyo kwa Philadelphia. Philadelphia ikamchagua Mikal Bridges kwa zamu hiyo, na usiku ule ule ikamtoa, naye akaenda wapi? Phoenix. Iliyokuwa mdai wa kwanza ikarudishiwa mali yake kwa kuinunua.

Ni rahisi kusema kuwa Lakers ilinufaika, na kwa kweli Ingram na Ball walikuwa sehemu ya malipo ya kumpata Anthony Davis mwaka 2019, na ubingwa ukafuata mwaka 2020. Lakini tuone pia bakizo lilivyoifunga timu. Kwa miaka mitatu, kila Machi ilipofika, kila ushindi wa Lakers ulikuwa hasara inayopimika: timu ikipanda nafasi mbili, kijana wa miaka kumi ijayo anakwenda kwa mwingine. Kocha anafundisha vijana kushinda na ofisi inahesabu faida ya kushindwa. Zaidi ya hayo, iko kanuni ya ligi inayoitwa kwa jina la Ted Stepien, mmiliki wa Cleveland katika miaka ya mwanzo ya 1980 aliyezigawa zamu za timu yake ovyo: timu haiwezi kuuza zamu zake za raundi ya kwanza za miaka miwili ya mbele inayofuatana. Deni lenye bakizo la ngazi halijulikani litalipwa mwaka gani, kwa hiyo huufungia mwaka wake na miaka ya jirani pia. Mdeni amelindwa, lakini amelindwa kama ng'ombe aliyefungwa kambani: mbwa mwitu hamfikii, na yeye hayafikii majani.

Hapa nafika kwenye neno la pili lililonisumbua. Kipindi timu inapoachana na wachezaji wake wakubwa na kuanza na vijana, magazeti hukiita "kujenga upya". Sina ugomvi mkubwa na neno hilo, ila waandishi wetu wa mpira wa miguu wana usemi bora zaidi: kukifumua kikosi na kukisuka upya. Kujenga kunadhaniwa kuwa ni kazi inayopanda siku kwa siku, tofali juu ya tofali. Kusuka upya hakuwezekani mpaka mtu afumue, na katika kufumua nywele huonekana mbaya kuliko zilivyokuwa. Tena msusi anahitaji nyuzi. Swali la zamu ni swali la nyuzi: nani anazo, na zitafika lini?

Brooklyn ndiyo timu iliyofumuliwa ikakuta kikapu cha nyuzi kiko kwa jirani. Mwaka 2013 iliipa Boston zamu zake za raundi ya kwanza za miaka ya 2014, 2016 na 2018, pamoja na hiari ya kubadilishana zamu mwaka 2017, ili iwapate Kevin Garnett na Paul Pierce waliokuwa ukingoni mwa umri wao wa kucheza. Hapakuwa na bakizo lolote. Brooklyn ikaanguka, na kila ilipoanguka Boston ilipanda: zamu ya 3 mwaka 2016 ikamzaa Jaylen Brown, mwaka 2017 Brooklyn ilikuwa na zamu ya 1, Boston ikaibadilisha na yake ya 27, kisha ikaipeleka Philadelphia na kumpata Jayson Tatum kwa zamu ya 3 na nyongeza. Brown na Tatum walitwaa ubingwa mwaka 2024. Huu ndio mfano ambao wakuu wa timu huukumbuka kila wanapodai bakizo.

Lakini kuna upande wa pili ambao haukumbukwi. Kwa kuwa haikuwa na zamu ya kuilinda, Brooklyn ndiyo timu dhaifu ambayo haikuwa na sababu hata moja ya kutaka kushindwa. Ilishinda michezo 21, kisha 20, kisha 28, ikijaribu kushinda yote. Ilikubali kubeba mikataba mizito ya wengine ili ilipwe kwa zamu na vijana walioachwa; kwa njia hiyo mwaka 2017 ikampata D'Angelo Russell, yule yule ambaye Lakers ilimpata kwa bakizo la mwaka 2015. Mwaka 2019 ilishinda michezo 42 na kuingia katika mchujo, Russell akiwa kiongozi. Sidai kuwa njia hiyo ni bora. Hakuna mkuu wa timu mwenye akili timamu angeichagua. Nadai kwamba mtu hawezi kulinganisha kusuka kwa Brooklyn na kusuka kwa Lakers iwapo lugha yake inaiita ya kwanza "isiyolindwa", kana kwamba ilikuwa nyumba bila mlango, na ya pili "iliyolindwa", kana kwamba palikuwa na usalama. Utah nayo ilikuwa na deni kwa Oklahoma City lililotokana na kumwondoa Derrick Favors mwaka 2021, lenye bakizo la kumi. Mwaka 2024 ilibakiza zamu ya 10, ukingoni. Mwaka 2025, baada ya kushinda michezo 17 na kushindwa 65, ilibakiza ya 5. Huo ni ulinzi wa namna gani, mtu akiutazama kutoka viti vya mashabiki?

Sharti niseme pia neno juu ya tendo lenyewe la kushindwa kwa faida, kwa sababu hapa waandishi wetu wamekosea kwa upande wa pili, kwa ukali. Nimesoma mahali timu za namna hii zikisemwa kuwa "zimeuza mechi". Kuuza mechi kwetu ni jinai yenye sura inayojulikana: mchezaji au mwamuzi amepokea rushwa, naye anacheza chini ya uwezo wake. Katika jambo letu mchezaji anacheza kwa nguvu zake zote. Pengine ni kijana anayepigania mkate wake na hajali zamu ya mtu. Aliyeamua ni ofisi, iliyompumzisha mwenye uwezo na kumwita asiye nao. Nadhani "kujidhoofisha" kunatosha. Timu imejidhoofisha, haikuuza kitu. Ligi yenyewe imepigana na kujidhoofisha kwa kanuni nyingi. Mwaka 2019 ilipunguza bahati ya timu ya mwisho kupata zamu ya 1 kutoka asilimia 25 hadi 14, sawa na timu mbili zinazoitangulia. Kanuni hiyo iligusa kilele cha foleni. Haikugusa ukingo wa bakizo, na kwenye ukingo huo, awe wa 7 kama wa Golden State au wa 10 kama wa Dallas, mchezo mmoja wa Aprili huweza kuwa na thamani kuliko msimu mzima uliotangulia.

Kwa ukingo huo nao twahitaji jina, maana watangazaji hulazimika kuutaja kila mwaka msimu ukikaribia kuisha. "Mpaka wa bakizo" unatosha, wala sioni haja ya kubuni. Deni likipita mwaka mmoja kwenda mwingine tuseme limesogea. Likifika mwisho wa ngazi zake bila kulipwa, na mkataba ukasema basi, tuseme limefutika. Hayo ni maneno ya dukani, na mwenye duka huyaelewa.

Limebaki moja ambalo sijalimaliza, nalo ni ile haki ya Boston ya mwaka 2017. Hapo juu nimeandika "hiari ya kubadilishana zamu", lakini umbo la -shana linadokeza kuwa wote wawili waweza kuamua, ilhali mwenye hiari alikuwa mmoja tu na mwenziwe alikuwa akingoja kuambiwa. "Hiari ya kubadili" inaondoa kosa hilo, ila inapoteza habari kwamba kuna zamu mbili zinazopishana. Nimejaribu "zamu ya kupishwa", kama mtu mzima anavyopishwa kwenye foleni. Mwalimu rafiki yangu amelikataa kwa sababu anayepisha hupisha kwa adabu, na Brooklyn haikuwa na adabu yoyote siku ile, ilikuwa na mkataba.